Ufa Niliouchora Sorimba

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, 2006. Dodoma. Joto limeanza saa mbili asubuhi, pamoja na ule upepo wa vumbi unaosubiri uanike nguo ndipo uamke. Nimefua, nimeanua, nimefua tena. Kichwa hakijatulia tangu Jumatano.

Nimekuja kuandikia hapa kwenye kafe ya intaneti kwa sababu nyumbani Makole siwezi. Wanangu wanasoma kila ninachokiandika kwenye karatasi, lakini hii blogu hawajui kama ipo. Nadhani ina wasomaji wanne, na mmoja wao ni mimi.

Kwa hao watatu wasionijua: mimi ni mchora ramani. Nipo kwenye ofisi ya serikali inayohusika na miamba, jina silitaji. Wataalamu wanakwenda porini na nyundo zao, wanarudi wamechubuka na miiba, wananiletea michoro ya penseli yenye madoa ya chai. Mimi naiweka juu ya meza ya kioo yenye taa kwa chini, natandaza karatasi nyingine juu yake, nahamisha kila kitu kwa wino. Mito, milima, aina za mawe, nyufa za ardhi. Siku hizi kompyuta zimeingia na vijana wanabofya tu, mimi nimebaki na kalamu zangu na ramani za zamani ambazo hakuna aliyepata muda wa kuziingiza humo.

Nimechora nyufa kwa miaka kumi na tisa na sikuwahi kuuliza zinafanya nini.

Ni aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Mshonaji wa sare za polisi si lazima ajue kukamata wezi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia, na ilinitosha mpaka Jumatano.

Jumatano saa sita mchana mdogo wangu Yusta alinipigia simu ofisini. Yusta anaishi kijijini kwetu Sorimba, kwa Wasandawe, ng'ambo ya mto Bubu. Akipiga katikati ya wiki ujue kuna jambo, maana mtandao unapatikana juu ya mwamba mmoja tu nyuma ya kanisa, na kuupanda ule mwamba wakati wa jua si mchezo. Alikuwa anahema. Hakuuliza hata watoto hawajambo.

Yusta ndiye katibu wa kamati ya ujenzi wa zahanati. Miaka miwili sasa Sorimba wamefyatua tofali, wamechoma, wamesomba mawe na mchanga. Wanawake walibeba maji ya kufyatulia kutoka kwenye visima vya mchangani. Ndivyo mambo yanavyokwenda siku hizi, wananchi wanatoa nguvu zao, boma likisimama wilaya inaleta bati. Kila kaya ilikuwa na idadi yake ya tofali, na ili pasiwe na ujanja kila kaya ilitia alama yake kwenye udongo ukiwa mbichi. Wengine kidole, wengine msalaba, wengine kisoda. Sisi kwetu ni kucha tatu za mama.

Zahanati hiyo si pambo. Bila hiyo mgonjwa wa Sorimba anavushwa mto, na masika mto hauvukiki. Mwaka juzi mke wa kaka yetu alijifungulia ukingoni, akisubiri maji yapungue. Mtoto tulimzika siku ile ile. Sitaandika zaidi ya hapo.

Sasa Yusta anasema injinia wa wilaya amesimamisha ujenzi. Mwezi uliopita kulikuwa na tetemeko, hata mimi hapa Makole vikombe viligongana kabatini, na tangu hapo wilaya wamekuwa na tahadhari. Injinia alitandaza ramani juu ya boneti ya gari, akawaonyesha mstari mweusi unaoshuka kutoka kaskazini na kukata katikati ya jina la kijiji. Huu ni ufa wa ardhi, akawaambia, na yeye hawezi kuweka sahihi jengo la serikali likae juu ya ufa. Kama wanataka zahanati, itajengwa kijiji kingine, upande wa pili wa mto.

Yaani upande ule ule tunaoshindwa kufika masika.

Hayo peke yake yangetosha kunivuruga, lakini kulikuwa na la pili. Katekista wa Sorimba alisoma jiografia mpaka kidato cha nne. Yeye aliufuata ule mstari kwa kidole kwenda juu, juu, mpaka akafika jirani na mlima Hanang. Akakumbuka walivyofundishwa darasani kwamba volkano hutokea penye nyufa. Hanang ulikuwa mlima wa moto zamani, kila mtoto wa kwetu anajua, siku isiyo na vumbi unauona kabisa ukiwa pale kwenye mwamba wa simu. Basi akajumlisha. Moto ulitokea huko mstari unakoanzia, na mstari wenyewe umekuja kuishia kwetu. Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kinasema serikali imegundua mlima wa moto chini ya msingi wa zahanati. Jirani yetu alihamisha mbuzi. Asubuhi yake watu wakaanza kuja na matoroli kuchukua tofali zao, kila mmoja anatafuta alama yake.

Lakini Yusta hakuanza na habari za moto. Yeye ni katibu, anapenda kujua waraka umetoka wapi.

"Dada," aliniuliza, "huo mstari kauchora nani?"

Nikamjibu, "Wataalamu."

Ulimi haukukwama hata kidogo. Nashangaa mpaka leo ulivyotoka wepesi.

Akasema basi sawa, Jumamosi ya wiki ijayo kuna mkutano wa kijiji, na kwa kuwa mimi ni mtoto wa Sorimba na niko kwenye ofisi ya mawe, mama ameshawaahidi watu kwamba nitakuja kueleza. Nikasema nitaangalia ratiba yangu. Ratiba gani? Ratiba yangu ni meza, kiti na chai ya saa nne.

Sasa niseme niliyoyakimbia.

Ile ramani niliichora mimi. Ni zaidi ya miaka kumi sasa, ule wakati uchimbaji wa madini ulipofunguliwa kwa kampuni na wageni wakaanza kumiminika Dodoma na magari yao meupe, kila mmoja anataka ramani, na zetu za zamani zimekwisha stoo. Bosi wa wakati ule alitaka ramani ya upande wetu iwe tayari kabla ujumbe fulani haujafika. Nikakabidhiwa mimi, na nilivimba kichwa kwa sababu ilikuwa na kwetu ndani yake.

Kwenye ramani zetu ipo sheria moja ambayo hata mfagizi wa ofisi anaijua. Ufa ambao mtaalamu ameuona kwa macho yake unachorwa kwa mstari mzima. Ufa anaoukisia, kwamba ameona dalili huku na dalili kule na katikati hajafika, unachorwa kwa vipande vipande vyenye nafasi kati yake. Msomaji akiona vipande anajua hapa mtu alikuwa anabahatisha. Huko kaskazini mstari ulikuwa mzima, lakini kuanzia mtoni mpaka kwenye vilima vya nyuma ya kwetu penseli ya mtaalamu ilikuwa ya vipande.

Nilikuwa kwenye kipande cha sita kalamu ilipotema. Wino ukavuka nafasi, ukaunganisha cha sita na cha saba. Dawa ya doa ni wembe. Unasubiri likauke, unakwangua taratibu kama unayemnyoa mtoto mchanga. Mimi nilikuwa na haraka. Nikakwangua mpaka karatasi ikachanika uso, na kila nilipotia wino upya ulitambaa na kuchafua zaidi. Kwenye karatasi ile kulikuwa na kazi ya wiki tatu, na stoo haikuwa na nyingine.

Nikazijaza nafasi zote.

Mstari mmoja mzima, mweusi, kutoka mtoni mpaka vilimani. Doa likamezwa humo humo, usingejua. Mkaguzi akaweka sahihi. Kwenye kikao cha mwisho wa mwaka nikasifiwa kwa usafi wa kazi na nikapewa kanga, ambayo nimeivaa mpaka ikaisha.

Lipo na la pili. Jina Sorimba halikuwepo kwenye ule mchoro wa penseli. Nililiweka mwenyewe. Vijiji vya wenzetu vilikuwepo, kwetu pakawa peupe tu, ikaniuma. Nikakadiria mahali kwa kutumia kona ya mto ninayoifahamu, nikaandika kwa herufi ndogo ndogo. Mama alipokuja mjini nikamwonyesha. Hajui kusoma, lakini nilimwelekeza akaweka kidole pale, akakaa nacho muda mrefu. Nilijiona mtu siku ile.

Kwa hiyo ujenzi wa zahanati umesimama kwa sababu mstari ambao pengine haupo unakata jina ambalo pengine haliko mahali pake. Na vyote viwili vimetoka kwenye mkono mmoja, huu huu ninaobofyea.

Rahisi, utasema. Piga simu, sema ulikosea, injinia akunje ramani, watu warudishe tofali. Hata mimi Jumatano usiku nililala na wazo hilo. Alhamisi nikaamka na lingine. Je, kama ufa upo kweli? Aliyechora penseli hakuota. Aliona dalili. Nikisema mstari si kitu, wakajenga, halafu siku moja ardhi ikatikisika na akina mama wamelala kwenye vitanda vya kujifungulia, nitakuwa nimefanya nini?

Na huo moto wa katekista nao? Nikaingia maktaba ya ofisi, kwa mara ya kwanza nikiwa na shida ya kusoma na siyo ya kukwepa joto. Nilifungua vitabu vitatu. Cha kwanza kilisema volkano hupitia kwenye nyufa. Cha pili kilisema nyufa nyingi hazina volkano. Cha tatu kilikuwa na mchoro wa volkano iliyosimama mbali kabisa na ufa. Nilitoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Jana basi nikamfuata Mzee Kapinga, mwenye penseli. Alistaafu miaka sita iliyopita, anaishi Area D, lakini Jumamosi humkosi Makutupora kwenye shamba lake la zabibu. Ni mtu wa Mbinga aliyekuja huku kikazi akagoma kurudi. Sikio moja halisikii vizuri na goti moja halikunji. Ofisini tulimwogopa kwa sababu ukimuuliza swali la ndiyo au hapana anakupa saa nzima ambayo haina ndiyo wala hapana ndani yake.

Nilimkuta anapogoa mizabibu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanikabidhi matawi yaliyokatwa nishike kana kwamba alikuwa ananisubiri. Nilianza na swali la moto kwa sababu lile jingine lilinishinda. Nikamweleza ya katekista. Sikutaja bado nani kachora nini.

Hakucheka, na hilo lilinishangaza. Alisema katekista ana nusu ya somo na nusu hiyo ni sahihi. Akanipeleka kwenye mfereji wa saruji unaoleta maji shambani, mkavu siku hiyo, umepasuka hapa na pale. Akaniuliza mfereji una nyufa ngapi. Nikahesabu, nikafika tisa. Akauliza zinazovuja ni ngapi. Nikasema hakuna, maji yenyewe hayapo. Akasema basi nimeshaelewa, akarudi kwenye mizabibu yake. Ilibidi nimfuate na matawi yangu mkononi nimwambie kwamba sijaelewa.

Ndipo akanieleza, na nitaandika hapa nilichokishika kabla hakijanitoka. Nchi yetu inavutwa, upande huu kuelekea mashariki na ule kuelekea magharibi, polepole kuliko ukucha unavyoota. Ikivutwa inapasuka, na vipande vingine vinazama. Hizo ndizo nyufa, na ndiyo maana tuna kuta zile za Bonde la Ufa. Huko chini sana mawe ni ya moto tayari, lakini yamebanwa mno na uzito wa juu yake, hayawezi kuyeyuka. Ardhi ikivutwa na kuwa nyembamba, mbano unapungua, na mawe yale yale yanaanza kuyeyuka bila kuongezewa moto. Hapa nilimsimamisha. Jinsi gani kitu kiyeyuke bila kuongezewa moto? Akasema ndivyo, nikamwacha aendelee, ila mpaka sasa jambo hilo linanikera.

Huo uji wa mawe ukishapatikana unatafuta njia ya kupanda, na ufa ni njia nyepesi. Unapenda zaidi pale nyufa mbili zinapokutana, au ufa mmoja unapoishia na mwingine kuanza, kwa sababu hapo ardhi imelegea. Kwa hiyo ufa unachagua mahali pa kutokea. Lakini ufa hautengenezi moto. Kule kaskazini uji upo, ndiyo maana wana Hanang na wenzake. Ukishuka kuja kwetu nyufa zinaendelea, ila chini yake kuna bamba la mawe ya zamani mno, nene na baridi. Nyufa tunazo, cha kupitisha hatuna. Mpaka uende Rungwe huko Mbeya ndipo uone tena milima ya moto mikubwa.

Nilianza kufurahi. Nikamuuliza kwa hiyo sheria ni kwamba ufa kwanza, volkano baadaye? Akasema mara nyingi. Mara nyingine ule uji wenyewe unasukuma mpaka unapasua ardhi ambayo haikuwa na ufa. Na kipi kilianza kipi kikafuata, mahali pengine wataalamu wanabishana mpaka leo. Halafu akaniongezea kwamba kuna vilima vidogo vya volkano huko Tabora, katikati ya lile lile bamba nene na baridi, mbali na bonde lolote. Nikamuuliza hivyo vilitokeaje. Akasema niulize mwaka ujao.

Nilikuwa na furaha kidogo, akaninyang'anya.

Nikamuuliza moja kwa moja: Sorimba je, moto unakuja? Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alinipa jibu fupi. Alisema hauji, si kwa umri wetu wala wa vitukuu vyetu, na angekuwa na nyumba Sorimba angelala usingizi mzito kwa upande wa volkano. Kwa upande wa tetemeko angependa kujua kwanza anajenga wapi. Tetemeko halihitaji uji wowote, linahitaji ufa tu.

Hapo ndipo nikamwambia.

Nilimwambia vyote, kalamu, wembe, nafasi nilizojaza, jina nililolichomeka. Nilikuwa nimeshika matawi na sikuwa na mkono wa kujifuta macho. Aliweka mkasi chini. Akanipokea matawi.

Halafu akaniambia kitu ambacho sikukitarajia hata kidogo. Ramani ilipotoka kuchapwa kiwandani aliuona ule mstari mzima. Alikumbuka vizuri kwamba yeye aliacha vipande. Alikuwa ameona ardhi imeshuka ngazi pale mtoni, na akaona kitu kinachofanana nacho vilimani, na siku aliyotaka kutembea katikati gari lilivunjika ekseli, wakarudi mjini, na mwaka uliofuata safari za porini zikakatwa. Alipoona mstari mzima alidhani kuna mwenzake aliyekwenda baada yake, akauona ufa kwa macho, akaja kurekebisha. Akaona wivu kidogo. Kisha akauamini, na akautumia kwenye ripoti zake mbili.

Yaani miaka yote hii mwenye penseli amekuwa akiamini wino wangu, na mimi nikijifariji kwamba penseli yake ilikuwa na sababu.

Nikamuuliza sasa nisemeje, ufa upo au haupo. Nilimwomba kabisa, neno moja tu.

"Felista," akasema, "ukiufuta utakuwa umesema haupo. Hilo nalo hujui."

Akasema dawa ni ile ile iliyomshinda wakati ule, kutembea. Kutoka mtoni mpaka vilimani, siku mbili, ukiangalia ardhi inaposhuka ghafla, chemchemi zinapojipanga mstari, mawe yaliyosagika. Na tetemeko la mwezi uliopita huenda limeacha alama, ila mvua zikinyesha zitafutika. Nikipata gari, yeye na goti lake wanakuja. Lakini gari la ofisi halitoki bila bosi kujua ni la safari gani.

Nilirudi Makole jana jioni nikiwa na zabibu mfuko mzima na kichwa kama pumba. Nilikuwa nimekwenda kutafuta mtu wa kunihukumu au kuniachia huru, na hakufanya hata kimoja. Nilikasirika. Baadaye nikajikasirikia mwenyewe kwa kukasirika. Watoto waliuliza kuna nini, nikasema zabibu ni chachu.

Leo asubuhi kanisani sikusikia mahubiri hata neno. Nilikuwa nawaza saa. Jumapili baada ya misa ndipo watu wa Sorimba wanapopanda mwamba kupokea simu za ndugu. Nilitoka kabla ya wimbo wa mwisho, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta, nikapiga.

Yusta alipokea mara moja, akadhani nampa saa ya kufika. Nikamkatiza.

"Yusta, ule mstari nimeuchora mimi. Mtaalamu aliukisia tu. Niliujaza wino kuficha doa."

Nilisikia upepo, na watu wengine wakiongea na simu zao kwa sauti kubwa kama wanavyofanya pale. Halafu akasema taratibu kwamba nusu ya tofali zimeshaondoka, na wengine wamezijengea mabanda ya mbuzi. Hakugomba. Yusta akigomba unajua pa kushika, akinyamaza hujui.

Mwishowe akasema, "Mama huyu hapa. Nimwambie mimi au utamwambia mwenyewe?"

Nikasema nitamwambia mwenyewe.

Mama na mimi tunaongea kwa lugha yetu, ile yenye vidoko, milio ya kugonga ulimi, inayowachekesha watu wa mjini, kwa hiyo haya ni tafsiri yangu kwa Kiswahili. Nilimweleza doa. Nilimweleza jina, lile aliloliwekea kidole, kwamba nililiweka kwa kukadiria. Nilijieleza kama mtoto, nikiwa mtu mzima wa miaka arobaini na tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali la mtu mwenye nyumba.

"Moto unakuja au hauji?"

"Hauji, mama."

"Na ufa?"

"Ufa sijui."

Nilingoja anikemee. Nilitaka anikemee, ingekuwa nafuu. Badala yake aliniuliza mstari wenyewe unaanzia wapi na kuishia wapi. Nikamweleza, kutoka mtoni kwenye ile kona mpaka vilimani. Akacheka kidogo, si kwa furaha. Akasema huko ndiko anakochimba mizizi tangu hajaolewa. Akasema ipo sehemu ardhi inashuka ngazi kama umekanyaga pabaya gizani, na maji hayakauki hapo hata kiangazi. Nikamuuliza haraka, ni karibu na msingi wa zahanati? Akasema inategemea karibu ni nini kwangu mimi ninayepanda magari, nije nione.

Halafu akasema, "Huyo mzee wako alikuja na gari, akaondoka. Wewe umelala kwenye nyumba yangu kila Krismasi. Mbona hakuna aliyeniuliza?"

Simu ikakatika hapo. Nadhani ilikatika. Inawezekana pia alimrudishia Yusta, naye akaikata.

Sijui kama sehemu anayoisema ndiyo ufa, au ni korongo tu la siku zote. Sijui kama ni mita kumi kutoka kwenye msingi au ni mwendo wa saa. Sijui kama wenye mabanda watakubali kuyabomoa wakitambua kucha na misalaba yao imo ukutani kwa mbuzi. Sijui Jumamosi nitawatazamaje.

Kesho ni Jumatatu. Kabla sijakaa, kabla ya chai, naingia kwa bosi kuomba gari, na nitamwambia ni la nini.